Umeme Unaovuka Bitana

Mtu akiniambia kitu fulani hakina waya, namuuliza waya wameuficha wapi. Siulizi kwa ubishi. Mwanangu alibakiza kidogo tu apelekwe shule ya bweni, mbali na mimi, kabla hajajua hata kufunga vifungo vya sketi yake, na yote kwa sababu ya kitu kisicho na waya ambacho kila aliyekiona alikisifia na hakuna aliyenieleza kinavyofanya kazi.

Ni msichana. Alisikia vizuri tu mpaka akapata homa kali, wakati ameshaanza kuongea na kubishana. Homa ilipomwacha, iliondoka na sehemu kubwa ya masikio yake. Maneno yake yalibaki, ila akawa anayatoa kwa sauti ya juu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na ukimsemesha kwa nyuma hageuki. Pale Muyama, nyumbani kwa mama mkwe wangu, watu wakaanza kumwita bubu. Nilikuwa nawauliza, bubu gani huyu anayekuita mwizi ukigusa kiazi chake? Wengine walicheka, wengine waliacha kunisalimia. Waliokuja kuniambia nimpeleke akaombewe niliwajibu waanze kuombea midomo yao.

Ndivyo nilivyo. Mume wangu, fundi ujenzi ambaye muda mwingi yuko Kigoma mjini, husema nilizaliwa nimekunja uso. Sikatai. Lakini hasira zimenifikisha mahali ambapo upole usingenifikisha. Niliposikia kutoka kwa mama yangu mzazi, Kibondo, kwamba wataalamu wa masikio wamekuja kupima watoto, sikumwomba mtu ruhusa. Nilimbeba mwanangu mgongoni, mkubwa vile vile, miguu inaning'inia, tukapanda gari, tukaenda kukaa kwenye foleni.

Tulirudi na mashine mbili za masikio. Kila moja ni kama harage kubwa lililojikunja, rangi ya kahawa yenye maziwa, inakaa nyuma ya sikio na kamrija kake kanaingia ndani. Zilikuja na kiboksi cheusi chenye kifuniko, na ndani ya kiboksi kuna vishimo viwili vyenye umbo lile lile la harage.

"Jioni unamvua, unazilaza humu," akasema kijana aliyetuhudumia. "Asubuhi zimejaa chaji."

"Nazichomeka wapi?"

"Huzichomeki, mama. Hazina waya. Unalaza tu, basi. Kiboksi chenyewe ndicho unakichomeka kwenye umeme."

Akamwita mwingine. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu. Nimewahi kupewa maelekezo marefu kuliko hayo ya kusonga ugali.

Ndani ya gari, tukirudi, mwanangu alinishika paja. "Mama, kitenge chako kinaongea." Kilikuwa kitenge kipya, bado kina wanga wa dukani, na kila nilipojigeuza kilikuwa kinakwaruza. Nilijigeuza tena na tena, mpaka jirani yangu kwenye kiti akauliza kama nina kiroboto.

Kazi yangu ni ushonaji. Nashona Kasulu mjini, katika duka karibu na soko, na siku za kazi nalala huko huko kwenye chumba ninachoshirikiana na mshonaji mwenzangu. Jumamosi jioni narudi Muyama. Siku nilizo mjini, mwanangu yuko kwa bibi yake, na bibi yake ndiye aliyekuwa anamvalisha na kumvua mashine. Nilimwonyesha kiboksi. Nilimwambia maneno yale yale niliyoambiwa mimi: unalaza tu, basi.

Nyumba yake haina umeme wa gridi. Nguzo zimepita juu ya migomba yetu na nyaya zimenyooka kwenda kwa wengine. Ukiwa shambani unaweza kuinua jembe ukawaonyesha wageni umeme ulipo, ila kwetu haujashuka. Tuna paneli ya sola juu ya bati na betri chini ya kitanda, inawasha taa, inachaji simu, na sasa ikawa inalisha na kile kiboksi. Inatosha kabisa.

Wiki za mwanzo mtoto alisikia mpaka usiku. Halafu mambo yakaanza kuharibika.

Wakati huo huo, kule Kasulu, bosi wangu alikuwa amepata mdudu wake mwenyewe. Ni mfanyabiashara mwenye ndugu Tanga, na ndugu hao walimtumia kisahani cha kuchajia simu. Unaweka simu juu yake, inaingia chaji. Alikiweka mezani mbele ya dirisha ili kila mteja akione, na siku hiyo hatukushona chochote cha maana.

"Hakuna waya," anasema bosi. "Angalieni, wala sijachomeka."

"Na huo uliotoka kwenye kisahani kwenda ukutani ni mkia?" nikamuuliza.

"Huo ni wa kisahani, dada. Simu haina."

"Kwa hiyo waya umehama tu."

Mshonaji mwenzangu akacheka mpaka akatoboa kola. Watu wakaja na simu zao za batani, wakaziweka juu ya kisahani, zikalala pale kama zimekufa. Bosi akaeleza kwa uvumilivu kwamba lazima simu yenyewe iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Akaja mama mmoja muuza dagaa na tochi yake, akaiweka, akangoja, akasema kisahani kina ubaguzi. Kisha bosi mwenyewe akaweka simu yake akiwa ameivalisha kava lake la ngozi, lile nene la kukunjua kama kitabu, na simu ikakataa. Akaipangusa, akaisogeza huku na huku. Ilipokataa kabisa akaivua kava la ngozi, akaiacha na ganda lake jembamba la plastiki, na papo hapo ikaanza kuingia chaji.

"Imekataa kuoga na koti," akasema mama wa dagaa.

Nilicheka na wenzangu nikarudi kwenye cherehani. Sikuhusisha kitu chochote na chochote. Shuleni Kibondo, kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alituchorea ubaoni nyaya mbili zilizozungushwa mviringo, hazigusani, akasema umeme ukicheza kwenye hii, ile nyingine inauhisi kupitia sumaku. Tulikariri kwa Kiingereza, tukaandika kwenye mtihani, tukafaulu. Hakuna aliyetuletea hata kipande cha waya tukizungushe. Nimekaa na hilo jambo kichwani miaka yote kama cheti kilicho sandukuni, halina kazi.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye aliyenipigia simu mara ya kwanza. Alikuwa amemkubali mwanangu darasa la awali kwa majaribio. Si mtu mbaya. Ana darasa limejaa mpaka watoto wengine wanakaa dirishani.

"Mama, mtoto wako ana siku za kusikia na siku za kutosikia," akasema. "Siwezi kufundisha kwa kubahatisha."

"Mashine zake ni mpya, mwalimu."

"Sijasema mbovu. Nasema ikifika saa ya uji ameshazima. Anabaki ananitazama mdomo. Baadaye hata mdomo anachoka kuutazama, analala."

Nikaanza kutafuta mchawi. Wiki moja nilichukua kiboksi na mashine nikaenda navyo Kasulu, nikachomeka dukani, zikajaa vizuri. Nikarudisha Muyama, zikafa tena kabla ya uji. Kwa hiyo nikaamua ni sola. Nikamleta fundi wa sola, akapanda juu ya bati, akapima, akashuka kwenye betri, akapima, akasema kila kitu kiko sawa. Nikamwambia apande tena. Akapanda. Akasema kiko sawa kuliko mara ya kwanza. Nilimtazama kwa namna ambayo alikusanya vifaa vyake bila kuaga.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, ananisikiliza ninavyofoka. "Mukazana," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, neno la kwao Burundi la mke wa mtoto. "Hizo mashine hazipendi lile boksi."

"Mama, mashine haina kupenda."

"Ego," akasema, ndiyo ya kumridhisha mjinga, akaendelea na maharage yake.

Mwalimu mkuu alipiga tena, safari hii alikuwa ameshaamua. Kuna shule ya bweni ya watoto viziwi, akasema, iko mbali lakini wanaijua kazi yao, wanafundisha kwa lugha ya alama. Jumatatu atakaa darasani na mwanangu yeye mwenyewe mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Akifika kwenye kengele anasikia, anabaki moja kwa moja. Asipofika, atamtafutia nafasi kule.

Sina neno baya juu ya ile shule. Mtoto asiyesikia kabisa nitamsindikiza mwenyewe. Ila wangu alikuwa anasikia, akiwa amejazwa. Alikuwa analala na kidole changu mkononi kila Jumamosi. Na kule angepelekwa si kwa sababu ya masikio yake, ila kwa sababu ya vishimo viwili vya plastiki ambavyo mimi, mama yake, mwenye cheti cha kidato cha nne, nilikuwa nimeshindwa kuvielewa. Hilo ndilo lililoniunguza. Nilifika Muyama Jumamosi ile nikiwa nimeshagombana na dereva, kondakta na abiria mwenye kuku.

Jua lilikuwa halijazama. Mama mkwe alikuwa uani na mjukuu wake, amemwosha miguu, anamvua mashine. Nilikaa kwenye kigoda nikavua viatu. Kwa mara ya kwanza tangu tuzipate, nilikaa kimya nikamwangalia anavyofanya.

Alizipangusa kwa kanga, vizuri, kwa upole kuliko ninavyozipangusa mimi. Akaingia ndani, akatoka na vipande vya kitenge vilivyokunjwa. Akaikunja mashine ya kwanza ndani ya kipande, mzunguko baada ya mzunguko, kama unavyomfunga mtoto mchanga anayetoka kuoga. Akaikunja na ya pili. Akafungua kiboksi, kimechomekwa kwa waya unaotoka kwenye betri ndani, akavishindilia vile vifurushi juu ya vishimo, akaacha kifuniko wazi. Taa mbili ndogo zilizo ubavuni mwa kiboksi zikawaka rangi ya chungwa. Halafu nikasikia sauti nyembamba, kama mbu aliyekwama ndani ya neti.

"Zimeanza kulia," akasema mama mkwe, ameweka kiganja juu yake. "Kila siku hivi. Zinalia mpaka zinachoka. Mwanzo nilikuwa nazifunga nguo moja, nikaona zinalia, nikaongeza."

Kijana wa Kibondo hakuwa amenieleza hili, nililipata pale pale uani. Mashine ikilazwa kwenye kishimo chake inajizima yenyewe, inalala, inanyonya chaji. Ikifungwa nguo nene haijui kwamba iko nyumbani. Inabaki macho. Imefungiwa kwenye kitambaa inajisikia yenyewe, inapiga filimbi, na kale kachaji kaliko ndani kanaishia kwenye filimbi hiyo. Mama mkwe anasikia kilio, anaongeza nguo. Nguo ikiongezeka, umeme unazidi kushindwa kufika. Kila jioni alikuwa anazibembeleza zife, na asubuhi anamvalisha mjukuu wake masikio yenye njaa.

Nililipuka. Sitaandika yote. Nilisema habari za Jumatatu, na bweni, na fundi wa sola, na mwisho nikasema, "Mama, unazifunga kama maiti?"

Hakupandisha sauti.

"Oya, mukazana. Hapana. Maiti ndiye sikumfunga."

Najua alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mama kijana, kama mimi sasa. Kila mtu nyumbani kwetu anajua, kwa jinsi ambavyo mtu anajua kitu kisichozungumzwa. Nilijua pia kulikuwa na mtoto mwingine aliyebaki njiani. Sikujua zaidi ya hapo.

"Kitenge kilikuwa kimoja," akasema. "Kilikuwa kimembeba mumeo. Yule mwingine nilimlaza kwenye shimo hivi hivi. Nikafunika udongo." Akanyoosha kidole kwenye kiboksi. "Angalia wewe mwenyewe. Cheusi. Kina shimo la umbo lake, kina kifuniko. Kitu kinachokaa kichwani kwa mjukuu wangu nikilaze humo uchi, nikifunike, nikalale usingizi? Sitaweza. Hata ukinifukuza."

"Nikufukuze wapi mama, nyumba ni yako."

"Basi," akasema.

Mwanangu, ambaye hakuwa na mashine masikioni na hakusikia hata neno, alikuwa anakula kiazi na kututazama mmoja baada ya mwingine. Nilizitoa mashine kwenye nguo zake, nikazishika mkononi. Zikaendelea kupiga filimbi kwenye kiganja changu. Nikazizima, nikaziweka kwenye sahani juu ya meza. Hakuna aliyezilaza popote jioni hiyo. Tulikula, tukalala.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nakata kitunguu, ndipo lile koti la simu ya bosi liliponirudia. Kava la ngozi lilikataa. Ganda la plastiki halikukataa. Kwa hiyo umeme ule haukuwa unadai uchi. Ulikuwa unadai nguo nyepesi. Na kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani bila kufundishwa na mtu wa cheti, ni unene wa nguo.

Nikamwaga mfuko wangu wa kazi kwenye mkeka. Kila mshonaji anatembea na vipande. "Mama, njoo," nikasema. "Hatutazilaza uchi. Tutazitafutia nguo zinayoipenda, moja moja, wewe ndiye utasikiliza kama zinalia."

Alikaa. Mwanangu akajibana katikati yetu. Nikaziwasha mashine, nikachomeka kiboksi kwenye waya ule ule wa betri.

Tulianza na kitenge alichokuwa anakitumia, kimekunjwa mara nne. Taa za chungwa, filimbi. Tukakunjua mpaka kikabaki kimoja. Taa ya kushoto ikageuka kijani ikarudi chungwa, ikageuka tena, kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au asiingie. "Hii inasitasita," akasema mama mkwe. Tukajaribu kipande cha kanga kuukuu, kimelainika kwa kufuliwa. Moja ikalala, nyingine ikalia. Nikaisogeza ile inayolia kidogo tu kwa ukucha, ikalala, mtoto akagusa kiboksi, ikaamka.

"Kwani ni nini kinachopita hapo?" akauliza mama mkwe.

Nikamwambia kuna waya umezungushwa chini ya kishimo, na mwingine mdogo umezungushwa ndani ya mashine. Hazigusani. Umeme ukicheza huku, sumaku inaruka, inaamsha umeme kule. Nilimchorea kwa mkaa kwenye sakafu ya uani michoro ile ile ya ubaoni. Niliona haya kidogo jinsi nilivyofurahi.

"Inaruka mbali?"

"Hairuki mbali. Inaruka hapa na hapa tu." Nikamwonyesha kwa kucha mbili.

Akainua uso akatazama paneli juu ya bati. "Jua liko kule juu. Linatuletea umeme mpaka hapa, halina waya hata mmoja. Na hiki kijiboksi kinashindwa kupita kitenge?"

Ilibidi nifikiri. "Jua linamwaga, mama. Linamwagia Muyama, Munanila, Burundi, mito, mawe, kila kitu. Wewe unakinga tone na bati lako. Linaweza kumwaga kwa sababu ni jua. Kijiboksi kikimwaga hivyo, betri yako itakwisha kabla hujamaliza kusali."

"Na ule wa kwenye nguzo?"

"Ule nao unamwaga kidogo pembeni ya nyaya, ila haufiki huku chini kwa kiasi cha kufaa mtu. Na ukijaribu kuufuata juu, utarudi umekaushwa kama samaki mgebuka."

Alicheka. Mara chache sana nimemchekesha, kwa kawaida ni yeye anayenicheka. Na ni kweli tupu: nilikuwa nimewahi kusimama chini ya nyaya zile nikiwaza, hivi watu wakishaweza kurusha umeme bila waya, si tutaudaka tu ukipita. Hatutaudaka. Umeme usio na waya ni mpole sana, au basi ni mvivu. Unavuka nguo ya ndani. Bonde hauvuki.

Kipande cha mwisho mfukoni kilikuwa bitana, kitambaa chepesi tunachoshonea ndani ya koti na sketi za harusi. Nikakata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, nikavitandika juu ya vishimo, nikalaza mashine juu yake na kuzibonyeza kidogo zikae. Taa ya kwanza ikawa kijani, inapepesa. Ya pili nayo. Filimbi ikakatika.

Mama mkwe akainama, akaweka sikio karibu kabisa na kiboksi. Mtoto naye akaweka sikio, kwa kumwiga, ingawa hakusikia kitu.

"Zimelala," akasema mama mkwe.

Akashika pindo la bitana kati ya vidole viwili. "Lakini hiki ni kitambaa kweli? Kiko kama ganda la kitunguu."

"Mama, hiki ndicho kinachogusa mwili wa bibi harusi. Kitenge kinaonekana na watu, bitana inamjua mwenyewe."

"Ni baridi."

"Basi tuziwekee blanketi juu. Huku juu umeme haupiti, unapita chini tu."

Hilo akalikubali. Nilishona siku hiyo hiyo, kwa mkono, mchana kweupe: kitanda kidogo, chini shuka la bitana ya safu moja, juu blanketi la kitenge chake, si zito, nimeacha pembeni wazi ili mashine zisipate joto. Niliweka mkono kila baada ya muda kuhakikisha. Zilikuwa vuguvugu kidogo tu. Mama mkwe naye aliweka mkono, akauacha hapo. Kifuniko tulikubaliana hakifungwi, kitabaki wazi daima, na usiku kiboksi kitakaa juu ya kabati ambako kuku hawafiki.

"Na mto," akasema mwanangu, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde.

Bibi yake alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kipande cha pamba. Nikamshika. "Mto utakaa chini ya kichwa, mama, utaziinua. Tutarudi kule kule."

"Sikia mama yako," akamwambia mtoto kwa ishara. "Mto hapana. Mama yako mkali."

Jumatatu nilipaswa kuwa Kasulu. Nikampigia bosi.

"Na magauni ya wasimamizi wa harusi?" akauliza.

"Yatangoja."

"Harusi nayo itangoja, dada?"

"Bosi, nikija leo nitashona mikono mahali pa shingo. Bora nije kesho."

Akakata simu, ambayo kwake ni ruhusa. Nikampeleka mwanangu shuleni, taa zote zilikuwa zimekaa kijani bila kupepesa alipovalishwa. Mwalimu mkuu akampa dawati la pili, akasimama kwa nyuma, akaanza. Mimi nilikaa nje kwenye ukingo wa msingi wa darasa, mgongo ukutani, mahali ninaposikia na sionekani. Niliusikia uji ukigawiwa. Niliwasikia wakirudi ndani. Nikasikia wakihesabu, wakiimba, wakikatazwa kuimba. Kila mwalimu alipoita jina la mwanangu, kulikuwa na ile sauti yake kubwa inajibu, "Abee, mwalimu." Sijawahi kuchoka hivyo kwa kukaa.

Kipindi cha mwisho mwalimu mkuu alitoka mlangoni, akaniona, akaja kusimama karibu yangu. Watoto walikuwa wanachora. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kuaibisha:

"Huu ndio muda ambao siku zote anakuwa ameshazima."

Kutoka dawati la pili, bila kugeuka, bila kuacha kuchora, mwanangu akasema kwa nguvu zake zote:

"Sijazima, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu akakohoa, akatazama uwanja, akatazama viatu vyake. "Kesho aje na kalamu yake mwenyewe," akasema. "Hii ameazimwa." Kisha akarudi ndani kwenda kugonga kengele.

Alipiga tena simu majuma machache baadaye. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nikaona namba yake, nikaacha gauni la watu limening'inia kwenye sindano.

"Mama," akasema, na nyuma yake nikasikia kelele za darasa lote. "Mtoto wako anaongea darasani. Nikimkataza ananiambia wenzake ndio wanaopiga kelele, wanamuumiza masikio."

"Si anasikia?"

"Anasikia mno. Anasikia mpaka tunayozungumza ofisini, na anawapelekea wenzake."

"Basi hilo sasa ni lako, mwalimu," nikamwambia, nikarudi kwenye gauni langu.